Mwenye Kuacha Kichaka Naye Alipwe

Kwa miaka mingi mkulima wa kusini mwa Unguja alimhesabu kima punju katika fungu moja na nguruwe mwitu na ukame. Jina lenyewe tulilompa mnyama huyu linatosha kueleza jinsi alivyochukiwa, kwani punju ni sumu. Na wazee walisimulia kwamba mti uliolishwa na kima hunyauka, na mbwa amlaye hupukutika manyoya. Lakini shutuma kubwa kuliko zote ilihusu nazi. Kima hula vidaka, na kidaka kilicholiwa hakiwi dafu wala koroma wala nazi. Hesabu hiyo ilionekana wazi kwa kila mtu, wala hapakuwa na aliyeona haja ya kuipima.

Ilipopimwa, ilikutwa si sahihi. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, ambao matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 1999, walihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa katika mashamba yanayopakana na msitu wa Jozani. Walikuta kwamba pale kima walipokula vidaka zaidi, mavuno hayakupungua. Yalielekea hata kuwa makubwa zaidi. Sababu yake si muujiza. Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi hupukutika vyenyewe kabla ya kukomaa. Kima huchagua vile vidogo, na kwa kufanya hivyo huufanyia mnazi kazi ile ile aifanyayo mkulima anapopunguza miche iliyosongamana ili iliyobaki inawiri.

Hatuyasemi haya kwa nia ya kumcheka mkulima. Shamba ni riziki yake, na mtu halaumiwi kwa kuilinda riziki yake. Tena ndizi, maembe na maharage yana wezi wengine, wenye mikia na wasio na mikia, ambao hakuna mtafiti aliyewatoa hatiani. Twayasema kwa sababu katika visiwa vyetu mazungumzo ya hifadhi yamezoea kuendeshwa kama kesi baina ya mnyama na mtu, ambamo akipata mmoja sharti mwingine akose. Watetezi wa wanyama huzungumza habari za urithi wa dunia na wajibu wetu kwa vizazi vijavyo. Mwananchi husikiliza kwa heshima, kisha hurudi nyumbani kutafuta kuni. Sisi tungependa leo tuzungumze habari ya fedha: nani anayepata kitu kichaka kinapoachwa, nani anayekosa, na aliyekosa hulipwa lini.

Msitu wa Jozani ulifanywa hifadhi ya serikali mwaka 1960. Mwaka 1995 ukaanzishwa mradi wa kuuhifadhi pamoja na Ghuba ya Chwaka kwa kushirikiana na vijiji vinavyouzunguka, na mwaka 2004 eneo lote, la kiasi cha kilomita za mraba 50, likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Mwaka 2016 UNESCO ikaliingiza katika mtandao wake wa hifadhi za binadamu na viumbehai. Hayo yote yameandikwa katika vitabu vya wageni. Lisiloandikwa mara nyingi ni kwamba kima wanaopigwa picha na wageni wengi si wale wa ndani ya msitu mkubwa. Ni wale wanaokaa pembezoni, upande wa kusini, katika mashamba ya watu, kwenye mikungu na miembe na minazi ambayo ina wenyewe. Kima hao wamewazoea binadamu hata mgeni huweza kusimama hatua chache tu kutoka kwao na kuwatazama wakila, jambo ambalo katika msitu mnene haliwezekani kirahisi. Kwa maneno mengine, mlango wa duka uko hifadhini, lakini bidhaa iko shambani kwa mwananchi.

Wenye mashamba hayo hawakuvikwa pingu na askari wa misitu. Waliunda umoja wao, wakakubali kuviacha vichaka na miti inayoliwa na kima, nao wakaahidiwa sehemu ya ada inayolipwa na wageni. Sehemu nyingine ikatengwa kwa maendeleo ya vijiji vinavyouzunguka msitu. Jirani na hapo, katika kijiji cha Pete, ikajengwa njia ya mbao ipitayo katikati ya mikoko, na ada ya wageni waipitao huchangia shughuli za kijiji. Mikoko ya Ghuba ya Chwaka, ambayo ni mingi kuliko ya mahali pengine popote Unguja, hapo kabla ilikuwa na bei moja tu, bei ya boriti na kuni. Sasa ina bei mbili, na ile ya pili haihitaji shoka. Nayo bei ya tatu, ambayo haiandikwi katika daftari lolote, ni ile ya kamba, kaa na samaki wachanga wanaokulia katika mizizi yake kabla ya kwenda kuvuliwa na watu wa Chwaka, Marumbi na Uroa.

Matokeo yake yanahesabika. Hesabu ya kima punju iliyochapishwa mwaka 2017 na wataalamu wa Wildlife Conservation Society ilikuta kima zaidi ya 5,800, kiasi cha mara tatu ya makisio ya zamani. Mnyama huyu hapatikani popote duniani ila Zanzibar. Mwaka 2019 wageni 538,264 walifika visiwani, na mwaka 2024 idadi hiyo ilipita laki saba. Si wote wanaokwenda Jozani, lakini kila anayekwenda hukodi gari, hula chakula, hulala mahali na humlipa mwongozaji, na sababu iliyomtoa ufukweni kwa siku ile ni mnyama anayekaa juu ya mkungu wa mtu. Ambaye hana hakika na thamani ya jambo hili na amfikirie chui wa Unguja. Katika miaka ya 1960 aliandamwa kwa kampeni kali ya kumwangamiza, na leo hakuna mwongozaji awezaye kumchukua mgeni akamwonyeshe.

Yafaa tutaje na matuta. Barabara ipitayo Jozani ilipotiwa lami katikati ya miaka ya 1990, magari yakawa yanawagonga kima mara kwa mara. Yakajengwa matuta, na vifo vikapungua ingawa havikwisha. Madereva wanaoyalaani matuta hayo wakumbuke kwamba wengi katika abiria wao wamelipa nauli ili wakawaone hao hao kima.

Sasa tuigeukie gharama, maana hapo ndipo wakubwa wetu hupita haraka. Ardhi kubwa ya kusini na mashariki mwa Unguja ni uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba uliojificha katika mashimo ya mawe. Mkulima wa uwanda hufyeka kichaka, hukichoma, hupanda mtama, mahindi au muhogo kwa misimu michache, kisha huiacha ardhi ipumzike miaka kadhaa ili kichaka kirudi. Miti aliyoikata huuza kuni na makaa, boriti huenda kwa wajenzi, na magogo huenda katika matanuu ya chokaa. Zamani mzunguko huo uliweza kwenda kwa sababu watu walikuwa wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Kichaka hakipati tena nafasi ya kupumzika. Mkulima anayekubali kukiacha kisifyekwe anajinyima chakula cha msimu, kuni za nyumba yake na fedha taslimu ambazo mnunuzi wa makaa yuko tayari kumlipa leo hii barabarani. Huo ni mtaji anaoutoa, sawasawa na mtaji wa mwenye hoteli, isipokuwa mwenye hoteli alipewa hati.

Neno hati tumelitumia kwa makusudi. Kwa mila ya sehemu nyingi za uwanda, mtu hupata haki ya ardhi kwa kuifyeka. Aliyefyeka na kulima anajulikana. Aliyepanda mnazi, mnazi ni wake hata kama ardhi iliyo chini yake si yake, kwani kwetu mti na ardhi ni mali mbili mbalimbali. Lakini aliyekiacha kichaka hana alama ya kuonyesha. Kichaka chake huitwa pori, na pori ni la yeyote afikaye kwanza na panga. Hivyo basi mila, ambayo tunaiheshimu, imemtuza mwenye kufyeka na kumwadhibu mwenye kuacha. Mtu akituuliza kwa nini wananchi wengi hawajitolei kuhifadhi misitu iliyo karibu nao, tutamjibu kwamba aliyejitolea jana amekuta leo kichaka chake kimefyekwa na jirani, na hana pa kushtaki.

Sheria ya misitu namba 10 ya mwaka 1996 ilifungua mlango wa kulitatua jambo hili, kwa kuiruhusu jamii kuingia mkataba na serikali na kukabidhiwa usimamizi wa msitu wake ukiwa na mipaka inayojulikana na kanuni zake. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, na shehia nyingi za Unguja na Pemba ziliuitika. Kisha ukaja mradi wa Hifadhi ya Misitu ya Asili, maarufu kwa jina la HIMA, uliofadhiliwa na Norway na kuendeshwa kati ya mwaka 2010 na 2014 katika shehia zaidi ya arobaini. Wananchi walielezwa kwamba msitu unaoachwa usimame huzuia hewa ya ukaa isiende angani, na kwamba ng'ambo wako watu watakaoinunua huduma hiyo. Mipaka ikapimwa. Kamati zikaundwa, kanuni zikatungwa, na mikutano ikafanywa mingi. Mauzo ya kaboni yaliyotazamiwa hayakuja, na mradi ukafika ukomo wake.

Hatusemi kwamba kazi ile ilipotea yote. Mipaka iliyopimwa bado ni mipaka, na mkataba uliotiwa saini bado ni mkataba. Lakini mwananchi aliyeiacha miti yake kwa kungojea malipo ya soko lililoko ng'ambo, soko asilolijua wala kulidhibiti, amejifunza somo ambalo mradi wowote utakaofuata utalikuta limekaa barazani likiusubiri. Ofisa atakayekwenda shehia hizo na ahadi mpya ataulizwa kwanza juu ya ile ya zamani, na ni haki aulizwe.

Kinyume cha kaboni ni pweza, na hapa tungependa kukaa kidogo, kwa kuwa hakuna mahali ambapo faida ya kujizuia imeonekana upesi na waziwazi kama hapa. Pweza wa miamba yetu huishi kiasi cha mwaka mmoja au zaidi kidogo. Hukua kwa kasi kubwa. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake, huyalinda mayai yake pangoni, kisha hufa. Kwa hiyo pweza mdogo anayechokolewa leo akauzwa kwa fedha ya kununulia unga wa siku moja, akiachwa miezi michache tu huwa mkubwa mara kadhaa, na huenda akawa amekwisha kuacha kizazi. Hakuna mfugo wa nchi kavu unaorudisha mtaji kwa kasi hiyo, wala kuku.

Wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walilijaribu jambo hili mwaka 2004. Waliifunga sehemu ya miamba yao kwa muda, sehemu nyingine ikabaki wazi kwa uvuvi wa kila siku, kisha wakaifungua. Vijiji vingine vikaiga. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia mara 36 ambazo miamba ilifungwa hivyo, ukakuta kwamba katika mwezi uliofuata ufunguzi pweza waliotolewa katika miamba hiyo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na mapato ya kijiji yatokanayo na pweza katika siku 30 baada ya kufungua yalikuwa maradufu ya yale ya siku 30 kabla ya kufunga. Tena, wakati miamba imefungwa, mapato ya kijiji hayakushuka kwa kiasi cha kutia hofu, kwa kuwa ilifungwa sehemu tu. Katika mara zile 36, mara 27 zilileta faida halisi. Mara tisa hazikuleta. Tunaitaja tisa hiyo kwa sababu wanaokuja kutuhubiria hifadhi mara nyingi huiacha nyuma, na mvuvi aliyeangukia katika ile tisa ndiye atakayeinua mkono wa kwanza mkutanoni.

Utaratibu huo ulifika kwetu katika miaka ya 2010. Kisiwa Panza na Kukuu, kusini mwa Pemba, ni miongoni mwa mahali ambapo kamati za wavuvi za shehia, zikisaidiwa na mtandao wa Mwambao, zilikubaliana kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa na kuilinda wenyewe. Wala wazo hilo si geni katika visiwa hivi. Wazee wa baadhi ya vijiji vya pwani walikuwa na desturi ya kuifunga bahari kwa msimu, na wavyale walilinda misitu ya mizimu ambamo panga halikuingizwa. Huko Misali, wavuvi wa Pemba husimulia kwamba Nabii Hadhara alifika akataka msala wa kusalia, na ulipokosekana akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Kisiwa hicho kilipowekewa utaratibu wa hifadhi mwishoni mwa miaka ya 1990, mafunzo ya dini juu ya amana ya viumbe yalitumika pamoja na kanuni za serikali, na yakaingia katika mioyo ambamo kanuni zilikuwa zimebisha hodi bila kujibiwa.

Lakini tusiupambe utaratibu wa pweza kupita kiasi. Mwamba hufunguliwa wakati wa bamvua, maji yanapokauka vizuri na miamba ikawa wazi. Siku hiyo habari huwa imekwisha kuenea. Wanawake wa shehia, ambao huchokoa kwa miguu na ambao kwa miezi yote ile walipita kando ya mwamba wao bila kuugusa, hukuta vijana wenye miwani ya kuzamia wamewatangulia katika maji ya kina; na huenda mashua zimefika kutoka shehia ambazo hazikufunga chochote. Pweza wakitoka wengi kwa siku moja, mnunuzi naye hushusha bei, kwani anajua kwamba pweza asiyeuzwa jioni ile hataifikia kesho bila barafu. Ikiwa mama aliyesubiri miezi mitatu atarudi nyumbani na pweza wawili wa bei ya chini, huku mgeni wa siku moja amejaza tenga, basi msimu ujao hakuna hotuba itakayomrudisha katika mkutano wa kufunga. Bei na mnunuzi vingepatanwa kabla ya siku ya ufunguzi, na siku ya kwanza ikaachiwa wenyeji waliofunga, sehemu kubwa ya taabu hii ingeondoka. Hilo halihitaji mfadhili.

Kizimkazi nako kuna funzo la pande mbili. Pomboo wa huko waliwindwa na nyama yao ikawa chambo cha papa hadi katikati ya miaka ya 1990. Wageni walikuwa wameanza kuja kuwatazama mwaka 1992, na wenye mashua walipoona kwamba pomboo aliye hai hulipa kila asubuhi ilhali chambo hulipa mara moja, uwindaji ukakoma kwa hiari. Ni ushahidi mzuri ulioje! Walakini, biashara ilipokua, mashua nyingi zikawa zinalizunguka kundi moja kwa pamoja na wageni wakirukia majini juu yao. Wataalamu waliochunguza wamekuta kwamba pomboo wanaoandamwa hivyo hupumzika kidogo na hula kidogo, muda wao mwingi ukipotea katika kukimbia. Hapa hiari iliyomwokoa mnyama haikuwekewa mipaka, na wenye mashua wenyewe ndio watakaokuwa wa kwanza kupata hasara pomboo wakihama.

Popo wa Pemba tunamtaja kwa furaha. Popo huyu mkubwa wa matunda hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani Pemba, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kwamba bunduki na ukataji wa misitu vimembakiza wachache mno. Katika miaka ya 1990 vijiji viliunda vikundi vya kulinda miti wanayolala popo, na vingi vya viota hivyo, ikumbukwe, vilikuwa tayari vimehifadhiwa na heshima ya makaburi na mizimu. Hesabu iliyofanywa mwaka 2007 ilikadiria kuwa wamefika elfu ishirini hivi. Huko Kidike wanakijiji huwapokea wageni wanaokuja kuwaona popo wakining'inia mitini, na hutoza ada ndogo. Fedha yenyewe si nyingi, kwa kuwa wageni wafikao Pemba ni wachache wakilinganishwa na wa Unguja. Lakini popo huchavusha maua ya msufi na husambaza mbegu za miti ya matunda na ya msituni usiku kucha bila mshahara, na mwenye mwembe katika shehia ya mbali hunufaika naye bila ya kumjua mwanakijiji aliyekataa kuuza ule mti wa viota.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloipa serikali wajibu. Faida ya kichaka haibaki kwa aliyekiacha. Huenda kwa mwenye hoteli, kwa dereva, kwa mvuvi wa mbali, kwa mwenye shamba la mpunga ambalo maji ya bahari yangeliingia kama mikoko ingekatwa, na kwa hazina. Gharama hubaki kwake peke yake. Mahali pengine duniani wamelitambua hilo na kuliwekea utaratibu. Marekani, tangu mwaka 1985, serikali huwalipa wakulima wanaojitolea kuipumzisha ardhi inayomomonyoka na kuiotesha majani na miti. Mkataba huwa wa miaka 10 hadi 15, na malipo ni kodi ya kila mwaka kama ile ya mpangaji. Costa Rica, ambayo ni nchi ndogo, ilipitisha sheria mwaka 1996 ya kuwalipa wenye misitu, na sehemu ya fedha hizo ikatolewa katika kodi ya mafuta ya magari. Hatusemi tuige neno kwa neno. Nchi hizo zina uwezo mwingine na ardhi yao ina wenyewe kwa namna nyingine. Tunachokiona kinafaa kuigwa ni kwamba mkulima wa huko anayo karatasi inayosema atalipwa kiasi gani, lini, na kwa miaka mingapi.

Wenye mashamba ya Jozani na wanavijiji wa jirani zao, kwa mujibu wa watafiti waliokaa nao, wamelalamika kwa nyakati mbalimbali kwamba wanachokipata hakilingani na wanachokikosa, na kwamba hawajui hesabu hufanywaje. Huenda wanakosea katika kiasi. Hawakosei hata kidogo katika kutaka kuiona hesabu. Mtu aliyetoa mtaji kwa hiari ana haki ya kusomewa daftari, na ofisa asiyempa fursa hiyo anaigeuza hiari kuwa amri. Amri ya namna hiyo huhitaji askari, na askari wa kutosha kuulinda uwanda wote usiku na mchana hawajapata kuajiriwa, wala hazina haina fedha za kuwalipa.

Serikali iliunda mwaka 2020 wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na tangu wakati huo maneno uchumi wa buluu yamekuwa katika kila hotuba. Tunaliunga mkono jambo hilo. Tunaomba, hata hivyo, kwamba bajeti zitakapowasilishwa katika Baraza la Wawakilishi, waheshimiwa wasitosheke na kuambiwa idadi ya hekta zilizotangazwa kuwa hifadhi. Waulize ni wakulima wangapi waliolipwa sehemu yao ya ada katika mwaka uliopita, kiasi gani kila mmoja, na tarehe gani. Waulize ni shehia ngapi zilizofunga miamba zilizopewa boti ya doria, au angalau mafuta yake, ili zisiwakimbize wavamizi kwa ngalawa za makasia. Wawakilishi wa Kusini na wa Pemba hasa hawana udhuru wa kutouliza.

Nao ndugu zetu wa kamati za misitu na za wavuvi wasisubiri waulizwe. Kamati iliyopokea fedha iziandike katika karatasi na kuibandika mahali ambapo kila mtu hupita: sokoni, bandarini, nje ya ofisi ya sheha. Iandikwe kiasi kilichoingia, kilichotoka, na jina la aliyetia saini. Shehia yoyote itakayotaka hesabu zake za mwaka zichapishwe katika gazeti hili, na izilete. Tutazitolea nafasi bila ya malipo.